Upande wa Chini wa Samaki

Siku ya kwanza ndani ya meli ile kubwa ya matembezi, kabla hata hajavua viatu, Mzee Muhuri aliinua godoro akatazama chini yake. Hakukuwa na kitu. Akafungua kabati, akanusa taulo, akageuza sabuni, kisha akakaa kitini na kutangaza kwamba chumba ni kizuri mno, na kwamba yeye vitu vizuri mno humnyima usingizi.

Mkewe aliendelea kutundika nguo. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwanamke aliyeshona sare za shule mpaka ncha za vidole vyake zikawa ngumu kama soli, na mambo haya alikuwa ameshayazoea. Ukiolewa na mkaguzi wa nyama unazoea mengi.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mumewe kwa miaka thelathini na mmoja: koti jeupe, buti za mpira, kisu kiunoni na muhuri wa mbao mfukoni. Kazi yenyewe, ukiitazama vizuri, ilikuwa kugeuza. Ini likija, aligeuza. Pafu likija, aligeuza. Paja la ng'ombe likining'inia kwenye kulabu, alilizungusha mpaka aone kisogo chake, kwa sababu aliamini hakuna muuzaji duniani asiyeweka upande mzuri juu. Akiridhika, alichovya muhuri kwenye wino wa zambarau akagonga: IMEPITA. Watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakabaki na hilo la Muhuri. Husemwa kwamba siku moja, katika haraka ya kuandaa nyama ya harusi ya mtu, aligonga mapaja kumi na manne pamoja na kipara cha mwenye bucha aliyekuwa ameinama katikati, na yule bwana akatembea mjini wiki nzima akiwa amepita. Wanaosema hivyo wanatia chumvi. Zilikuwa siku tatu.

Safari haikuwa ya fedha zao. Binti zao wawili walichanga ili wazee watimize miaka arobaini ya ndoa wakiwa wamekaa tu, hawafanyi kitu. Siku saba baharini; chumba, chakula na muziki, vyote vimelipiwa. Neno hilo "vyote" Mzee Muhuri alilisoma kwenye tiketi mara tatu. Mara ya nne alivaa miwani, na hapo akaona kando ya neno kuna nyota ndogo. Nyota ile ilikuwa na ndugu yake chini kabisa ya ukurasa, na ubavuni mwa ndugu yake kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Neno la kwanza lilikuwa: isipokuwa.

Isipokuwa kahawa ya mashine ile inayonguruma. Isipokuwa maji yenye mapovu. Isipokuwa, na hii ndiyo iliyokuwa mama yao wote, mgahawa wa sitaha ya kumi na moja. Huko juu kila mtu alilipa nyongeza, kichwa kwa kichwa, na nyongeza ya watu wawili, Mzee alivyoitafsiri kwa lugha anayoielewa, ilitosha kununua mbuzi mzima mwenye afya, na ngozi ukarudi nayo nyumbani.

"Chakula kimeshalipiwa," alisema. "Sasa huko juu wanalipia nini? Ngazi?"

Mkewe alikuwa anatazama kijitabu cha picha: vitambaa vyeupe vya meza, glasi ndefu, mishumaa, samaki mzima kwenye sahani ya urefu wake. Alipitisha kidole juu ya picha ya kitambaa kama anayetafuta pindo limeshonwaje. Kisha akasema kwamba siku ya tano ya safari ndiyo siku yao yenyewe, na siku hiyo angependa wakale juu.

Mzee akacheka. Alicheka peke yake, na kicheko cha mtu mmoja huchoka haraka.

"Sikiliza, baba watoto," mkewe alisema. "Miaka arobaini nimekupikia. Hujawahi kula sahani yangu hata moja bila kuigeuza kwanza. Nyama unageuza, samaki unageuza, mkate unautazama tumboni. Nataka mlo mmoja tu ule kama mtu aliyealikwa. Mmoja. Ukishindwa, tukirudi nakwenda kukaa kwa mwanetu mkubwa. Chumba kipo, ameshatundika na pazia. Wewe utabaki na sahani zako, uzikague mpaka uchoke."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Mzee baridi. Mkewe akigomba hakuna hatari. Akizungumza taratibu, kama anayepima kitambaa, ujue mkasi umeshashikwa. Mzee Muhuri alisema atalifikiria jambo hilo, akatoka nje kwenda kutazama maji, ambayo nayo aliona yana rangi ya kutiliwa shaka.

Wale wa "vyote" walikula chini, kwenye bwalo la sitaha ya tano. Mezani walipangwa pamoja na mstaafu mwenzao aliyesafiri peke yake, fundi bomba, mtu mnene mwenye tabia ya kunong'ona hata anapoomba chumvi. Huyu bwana alikuwa ameshaizunguka meli nzima. Alieleza kwamba yeye hababaishwi na mazulia. Yeye hufuata mabomba. Na mabomba ya maji ya moto, ya mvuke na ya maji machafu, yote, alisema huku akichora mezani kwa mpini wa kijiko, yanakwenda mahali pamoja, nyuma ya ukuta ule pale. Jiko ni moja. Kule juu hakuna jiko, kuna mishumaa. Kutoka jikoni kuna lifti ya mizigo, na kila siku saa tisa alasiri toroli linapandishwa juu, limefunikwa shuka jeupe.

"Limefunikwa?" Mzee Muhuri akauliza.

"Kama maiti, mzee mwenzangu."

Mke wa Mzee aliomba apitishiwe viazi. Lakini mbegu ilikuwa imeshaanguka, na udongo ulikuwa tayari tangu machinjioni.

Mlangoni mwa bwalo palikuwa na kitanda cha barafu, na juu ya barafu, kila asubuhi, alilala samaki. Si samaki wa kuulizia bei. Alikuwa mwekundu, mpana wa kifua, jicho angavu, limau mdomoni na majani mabichi yamemzunguka kama bwana harusi. Watu walipiga naye picha. Lakini watu hao hao wakiketi kula, kilichowafikia mezani kilikuwa vipande vyeupe vya mraba visivyo na kichwa, wala mkia, wala kumbukumbu yoyote ya bahari. Na ikifika saa tisa alasiri, barafu ilikuwa tupu.

Mzee alimuuliza mama mhudumu, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifuta vijiko, yule samaki huenda wapi. Mama mhudumu akatabasamu. Akasema amekwenda kupumzika. Machinjioni, jibu la namna hiyo lilitosha kufunga bucha wiki mbili.

Siku ya pili samaki akarudi. Mzee akampima kwa shubiri huku akijifanya anajinyoosha mkono: shubiri nne na vidole viwili. Siku ya tatu, shubiri nne na vidole viwili. Siku ya nne, vivyo hivyo. Fundi bomba alipopewa takwimu hizo alifunga macho kwa muda, kisha akanong'ona kwamba bahari haizai kwa rula, kwa hiyo lazima kuna mahali wanafugwa. Mzee hakujali wanafugwa wapi. Yeye alikuwa ameshaona picha yote. Walio chini wamemlipia samaki yule ndani ya neno "vyote", wanaonyeshwa asubuhi, wanameza mate, basi. Saa tisa anafunikwa shuka, anapandishwa lifti, anauzwa mara ya pili kwa jina la nyongeza. Samaki mmoja, nauli mbili. Tangu yule ng'ombe aliyekutwa na mapafu matatu, hakuwahi kupata kesi tamu kama hii.

Kilichobaki ni ushahidi, na ushahidi alikuwa nao chumbani. Siku ya kustaafu alitakiwa kurudisha muhuri wa kazi. Alirudisha muhuri, ndiyo, lakini ule wa zamani uliopasuka. Wa kweli ulikuwa umelala ndani ya mfuko wa vifaa vya kunyolea, umevishwa soksi, pamoja na kidau cha wino. Kwa nini mtu abebe muhuri wa nyama kwenda kupumzika baharini ni swali ambalo hakuwahi kujiuliza. Wengine hubeba mwavuli. Mkewe hakujua habari za muhuri ule; au tuseme Mzee aliamini kwamba hakujua.

Mpango ulijipanga wenyewe. Asubuhi ya siku ya tano angemgonga samaki upande wa chini. Jioni angempeleka mkewe juu, kama alivyotaka. Samaki akiletwa na alama ya zambarau tumboni, Mzee Muhuri angesimama katikati ya mishumaa ile na kuitisha nahodha. Mkewe angepata mlo wake, naye angepata haki ya abiria wote. Ahadi ya kutogeuza haikumsumbua sana. Samaki akiliwa upande mmoja, lazima ageuzwe ili aliwe wa pili, na kugeuza kwa ajili ya kula si kukagua. Hata mahakamani angelisimamia hilo.

Basi siku ya tano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bwalo likiwa bado linatandikwa, aliingia kwa mwendo wa mtu anayetafuta chai. Miwani aliiacha chumbani makusudi, asionekane kama mtu wa kuchunguza. Alipofika kwenye barafu akainama kana kwamba ananusa limau, mkono wa kushoto ukanyanyua mkia, wa kulia ukatoka mfukoni na kugonga. Barafu ilikuwa imemtia ganzi vidole hata hakuhisi ameshika nini. Sekunde mbili, samaki amelala tena. Mama mhudumu, kutoka kule kwenye vijiko, akamwamkia. Mzee akaitikia kwa heshima iliyozidi kipimo, mpaka yule mama akaacha kufuta.

Chumbani akamwambia mkewe avae vizuri jioni, wanakwenda juu.

Mkewe aliweka kitana chini. Kwa siku nne mtu huyu alikuwa akiuita mgahawa ule pango la wezi, na leo amekubali bila hata kukohoa. Akamshika mkono wa kulia, akaugeuza, akatazama kidole gumba.

"Hii zambarau ni ya nini?"

"Kalamu."

Akaisugua kwa kidole chake kigumu, kama anayejaribu kama rangi ya kitambaa itachuja. Haikuchuja. Akauachia mkono.

"Sawa," akasema. "Na hutageuza."

"Sitageuza."

"Hata ukimaliza upande mmoja."

Hapo Mzee Muhuri aliona hoja yake ya mahakamani imefungwa. Akatafuta mlango wa kutokea kwenye maneno yale, akakuta mkewe ameshona pande zote. Akasema hata akimaliza. Akasema tena, mara ya pili, kwa kiapo, kwa sababu aliombwa.

Jioni walipanda. Mlangoni kadi yao ikapitishwa kwenye kimashine, kimashine kikalia mara mbili, mara moja kwa kila kichwa, na kila mlio Mzee aliusikia kwenye mbavu. Mkewe alikuwa amevaa gauni la kijani la mikono mirefu alilolishona kwa siri miezi mitatu, na alipoingia, watu wa meza mbili waliacha kuzungumza. Mzee naye angeliona vizuri zaidi kama asingekuwa anatafuta ilipo lifti ya mizigo.

Mhudumu wa huku alikuwa mwanamume mrefu mwembamba mwenye glavu nyeupe, aliyetembea kama zulia linamdai kimya. Alileta supu. Mzee alikamata kijiko, mkono ukataka kukoroga ili uone kilichojificha chini, akauzuia. Ukaletwa mkate. Akaukalia mkono wa kushoto, ukala wa kulia peke yake. Mkewe aliona yote hayo. Alikata mkate wake vipande vidogo, akala taratibu, na baada ya kila kipande alitazama meza, glasi, dirisha, kama mtu anayeweka vitu kwenye kasha.

Kisha akaja samaki.

Mwekundu. Mpana wa kifua. Limau mdomoni. Macho ya Mzee yalimpima kabla hajayakataza: shubiri nne na kitu. Amelala ubavu ule ule aliolala kwenye barafu. Muhuri ulikuwa pale, kwa upana wa kiganja kutoka kwenye uma wake, umezibwa na samaki mwenyewe. Alichotakiwa kufanya ni kile alichokifanya mara laki kadhaa maishani mwake.

Alijaribu njia za pembeni. Aliinua kijiko na kukilaza kwenye ukingo wa sahani kama kioo. Kijiko kikamwonyesha tundu la pua yake. Aliangusha kitambaa na kuinama kukiokota, akitumaini kuona kitu kutoka chini. Aliona upande wa chini wa meza, ambao, kwa taarifa ya wanaopenda kujua, ulikuwa safi. Alimega nyama karibu sana na tumbo, kama mchimba kisima, akitumaini ngozi ya chini itachungulia. Mhudumu mwembamba, kwa mbali, alimtazama kwa huruma.

"Unakumbuka chakula cha kwanza nilichokupikia?" mkewe akauliza.

Alikumbuka. Nyama ya mchuzi, nyumbani kwa wazazi wake, wiki ya kwanza ya ndoa. Akasema ilikuwa nyama nzuri, ya bega.

"Uliigeuza kwa uma mbele ya mama yako. Kipande kwa kipande. Mama yako akanitazama mimi. Hakukutazama wewe, alinitazama mimi." Alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo mpaka uso ukakauka. Ulipoulizia niko wapi, nikasema nilikuwa naosha sufuria."

Mzee Muhuri aliacha kuchimba. Kwa miaka arobaini alidhani kugeuza ni mazungumzo kati yake na nyama. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba nyuma ya sahani kuna mtu amesimama, anasubiri kama apite au asipite. Akatafuta neno la kusema. Maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya machinjioni.

Upande wa juu ulikwisha. Mifupa ikabaki imelala kama kitana. Mhudumu mwembamba akasogea na vijiko viwili vikubwa, akainama.

"Nimgeuze, mzee?"

Mkewe aliweka uma chini. Hakumtazama mumewe, alitazama mshumaa. Mzee aliuona uso ule, akaliona na pazia la chumba kile kwa binti yao, ingawa hajawahi kuliona, likipepea juu ya kitanda cha mtu mmoja. Na aliona vilevile abiria wote wa sitaha ya tano wakidhulumiwa samaki wao, na nahodha akitetemeka, na yeye Muhuri akiwa amesimama na ushahidi mkononi. Alivipima vyote viwili. Kimoja kilimuuma mpaka kwenye meno.

"Hapana," akasema. "Muache alivyolala."

Mhudumu alishangaa, lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Alipitisha vijiko chini ya mifupa, akaiinua yote kwa mkupuo mmoja toka kichwani hadi mkiani, na nyama ya chini ikabaki imetulia juu ya ngozi yake. Walikula hiyo pia. Katikati ya kula Mzee Muhuri alisema kwamba ni tamu, na mkewe akainua macho haraka, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo bila kuliulizia. Ilipobaki ngozi tupu, imelala kifudifudi na siri yake, sahani ikachukuliwa. Mzee aliisindikiza kwa macho mpaka mlango ukajifunga nyuma yake. Baadaye maishani, alipohesabu mambo makubwa aliyowahi kufanya, hilo alilitaja kabla ya ng'ombe wa mapafu matatu.

Asubuhi ya siku ya sita alishuka bwaloni akiwa na miwani usoni. Ahadi ilikuwa ya mlo mmoja na mlo ulikwisha. Samaki alikuwa pale pale juu ya barafu, limau mdomoni. Mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, akamshika mkia akamgeuza.

IMEPITA, zambarau kabisa, kama ilivyotoka mkononi mwake.

Kwanza alipata nafuu: huyu hakupanda juu, kwa hiyo yule wa jana alikuwa samaki mwingine, halali yake. Nafuu haikukaa. Kama huyu ndiye wa jana, basi ndiye wa juzi, na watu wanaonyeshwa samaki wa siku sita. Akamnyanyua amnuse shavu. Samaki akaja juu mwepesi kama kandambili. Mzee akambonyeza, akabonyea, kisha akarudia umbo lake. Chini kidogo ya muhuri, kwa herufi zilizochongwa kiwandani, paliandikwa: OSHA KWA MAJI YA VUGUVUGU.

Miaka thelathini na mmoja ya utumishi ilimpita mbele ya macho, na mwisho wake ulikuwa mpira.

"Ndiye huyo, mzee," mama mhudumu akasema nyuma yake, kitambaa mkononi. Akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba samaki huwekwa kabatini kila saa tisa barafu ikianza kuyeyuka, na kwamba tangu jana wanamsugua hiyo zambarau haitoki. Mzee akauliza, kwa sauti ndogo, toroli lililofunikwa shuka hupeleka nini juu. Vitambaa vya meza, akajibiwa, vikitoka kufuliwa. Na jiko, je? Jiko ni moja, yule mama akasema. Nani atajenga mawili melini? Huko juu wanalipia samaki mzima, kitambaa, na mtu wa kumtoa mifupa.

Mzee Muhuri aligeuka na kumkuta mkewe amesimama pale, amefunika mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

"Ulijua," akasema.

"Nilimgusa siku ya kwanza. Nimeshika kila kitu kinachoshoneka, baba watoto. Mpira naujua."

"Na muhuri?"

"Niliusogeza mwenyewe kwenye ule mfuko ili dawa zako zipate nafasi."

Alimtazama mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza, na kama anamwona kwa mashaka. "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungepanda juu?"

Alifikiri kwa uaminifu. Asingepanda. Angebaki bwaloni na vipande vyake vya mraba, ameshinda.

"Na kama ningemgeuza jana?"

"Ungekuta samaki msafi," mkewe akasema, na kicheko kikamfutika usoni kwa muda. "Na mimi ningekuwa nafungasha."

Kisha akachukua kitambaa cha yule mama, akalowesha pembe kwa limau lililokuwa mdomoni mwa samaki, akaanza kusugua wino kwa vidole vyake vya kazi. Ulitoka nusu. Herufi za mwanzo zilikataa kabisa, na inasemekana mpaka leo yule samaki anazunguka baharini akiwa nusu amepita.

Siku ya saba, meli imeshafunga bandarini, abiria walipanga foleni kutia saini karatasi za nyongeza. Mkewe alikuwa kwenye simu na binti yao mkubwa, akimwambia pazia lile alishushe, akalitundike chumba cha watoto. Mbele yao fundi bomba alikuwa anaigeuza karatasi yake huku na huku, akinong'ona kwa hasira kuhusu kahawa. Ilipofika zamu ya Mzee Muhuri, alisoma mistari mitatu: mgahawa, kichwa kimoja; mgahawa, kichwa cha pili; kusafisha pambo la bwalo. Akachukua kalamu akatia saini.

Fundi bomba alimshika kiwiko. Akamnong'oneza kwamba kuna upande wa nyuma, na mtu mwenye akili hatii saini kabla hajautazama. Mzee akamwambia anajua kuwa upo.

Mkewe alikata simu, akaichukua karatasi pale mezani. Fundi cherehani huwa hawezi kuona kitu bila kutazama ndani yake kimeshonwaje. Akaigeuza, akaisogeza mbali na macho, akaikunjia uso.

"Baba watoto, huku nyuma kuna maandishi. Tena madogo."

Mzee Muhuri alikuwa ameshanyanyua sanduku.

"Achana nayo, mama," akasema. "Imepita."